Vidonge vya Mama Fundi

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakigonga bati, na baridi ilipenya chini ya mlango. Chiriku alikuwa akipanga nyuzi za mama yake kwa rangi kabla ya kwenda shule. Watu walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Leo, hata hivyo, alikuwa kimya.

Mama yake, fundi wa kushona, alikuwa akipekua droo. Mikono ilimtetemeka, na jasho lilimtoka pamoja na baridi yote ile.

"Tangu juzi sivioni. Mwanangu, hujaviona vidonge vyangu?"

"Sijaviona, mama."

Mama alikuwa na ugonjwa wa hofu ya ghafla. Zamani moyo ulimwenda mbio bila sababu, pumzi ikambana, akadhani anakufa palepale kwenye cherehani. Daktari akampa vidonge vya kutuliza, vya aina ya benzodiazepini, na kumpeleka kwa mshauri wa kuzungumza naye. Cherehani ikaanza kuimba tena, na kila usiku Chiriku alimshukuru Mungu.

Kisha juzi shangazi, jirani yao, akaviona vidonge. "We Chiriku," akanong'ona, "hivi vitamfanya mama yako teja! Mwenye imani huomba tu."

Chiriku aliingiwa na hofu. Akavificha ndani ya mfuko wa vitambaa, akapiga magoti, akaomba.

Sasa mama aliteleza kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni ameshika kifua. "Nakufa, mwanangu."

"Mama, ni mimi! Mimi ndiye niliyevificha!" Chiriku alilia, akaumwaga mfuko, akavichukua vidonge, akatoka mbio kumwita shangazi. Wakamshika mama huku na huku mpaka zahanati.

Daktari alimpima, akampa kidonge chake, akakaa naye mpaka akatulia. Chiriku akamweleza yote: maneno ya shangazi, mfuko wa vitambaa na maombi yake.

"Mshukuru Mungu mmewahi," alisema. "Dawa hii ikikatwa ghafla, mtu anaweza hata kupata degedege."

"Kwa hiyo atavinywa maisha yake yote?" shangazi aliuliza.

"Hapana. Hofu yako si ya bure, shangazi. Vikinywewa ovyo au kwa muda mrefu, mwili huvizoea. Ndiyo maana ni vya muda tu, na tutavipunguza kidogo kidogo."

"Kama kufumua mshono," mama alisema kwa sauti dhaifu. "Ukivuta uzi kwa pupa, unachana nguo."

"Hapo hapo, fundi!" Daktari alicheka, kisha akamgeukia Chiriku. "Kuomba ni kuzuri, usiache. Lakini dawa ya mtu haifichwi, haigawiwi, wala haikatwi bila daktari. Ukiogopa, uliza."

Mama alimvuta binti yake karibu. "Mungu alikujibu zamani, mwanangu. Wewe jibu ukalifukia kwenye vitambaa! Lakini leo umesema kweli, na mimi nipo. Asante."

Shangazi alijifuta macho. "Nisamehe, wifi. Nilisema nisichokijua."

Chiriku alisimama, akajifuta kamasi. "Mama, shangazi, daktari, nisikieni wote. Naahidi sitagusa tena dawa ya mtu. Na nikiogopa nitauliza. Nitauliza mpaka mnichoke!"