Muhogo wa Kwenye Telefone

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi, ndiyo siku mambo yaliharibika. Dieudonnée alirudi nyumbani kutoka chuo cha hapa Kasongo na kazi yake ya mwisho wa mwaka. Mwalimu alikuwa ameikataa, akisema maneno yake juu ya muhogo ni ya uongo. Alimpa majuma mawili aiandike upya, la sivyo mwaka wote umepotea.

"Soma," akasema baba yake, Clovis. Yeye mwenyewe hakusoma sana. Tangu mke wake afariki, alimlipia binti huyu masomo kwa jembe tu.

Dieudonnée akasoma: "Wakulima wa vijiji vya Wamaza hung'oa muhogo wote mara moja. Huuweka mbichi ghalani miezi sita."

"Miezi sita? Siku ya tatu tu umeoza. Nani alikuambia?"

"Telefone, papa. Iko na akili bandia. Unauliza, inaandika."

"Mimi niko hapa, miaka makumi tatu na jembe, wewe unauliza telefone."

Jirani yao, mama Régina, anatunza vitabu katika maktaba ya chuo. Alisikia kelele, akaingia.

"Ile mashini haijalima hata siku moja," akasema. "Imepitia maandishi mengi ya watu, inapanga maneno yanayofanana na ukweli. Isipojua, inaweza kubuni, na aibu haina."

"Basi niiache?" Dieudonnée akauliza.

"Hapana. Ikusaidie kupanga maswali na kunyoosha Kifaransa. Lakini kila inachokuambia, uende uhakikishe. Tena uandike wazi mahali ilipokusaidia."

"Na wakubwa wa chuo waliwafundisha watoto hayo siku gani?" Clovis akauliza.

"Bado, papa Clovis."

"Bado. Kukataa tu ndiyo wanajua."

Dieudonnée akapanda pikipiki mpaka Wamaza. Akakaa na wakulima siku nne, akauliza, akaandika. Muhogo unabaki shambani, unang'olewa kidogo kidogo. Mwingine unalowekwa, unaanikwa. Kazi ikapita.

Mwaka mpya wa masomo ukaanza. Mwalimu yuleyule akawauzia wanafunzi, Dieudonnée pia, silabusi mpya, kitabu cha somo lake alichokiandika mwenyewe. Clovis akataka asomewe ukurasa wa muhogo. Dieudonnée akasoma, sauti ikapungua: mbichi, ghalani, miezi sita.

Clovis akakibeba kitabu mpaka kwa mama Régina. Mama akasoma mara mbili, akakifunga.

"Mutoto wangu, ninyi wa chuo mulimurudisha kwa maneno haya," Clovis akasema. "Na mwalimu, nani atamurudisha?"