Maiti wa Kando ya Malori

Kipaza sauti cha studio kilianza kunuka Jumanne. Asekenye alikifuta kwa spiriti, akakinusa tena. Kilinuka kama samaki aliyesahaulika juani.

"Boss, kuna kitu kimeoza hapa," alimwambia Callistus, mkuu wa kituo.

"Ni panya tu. Soma matangazo, mama. Saa saba imefika."

Televisheni yao ilikuwa ndani ya stoo ya zamani ya pamba, pale Malaba, mpakani. Wananchi wenyewe waliianzisha miaka kumi na miwili iliyopita: wachuuzi walichanga mabati, parokia ikatoa mlingoti. Hapo ndipo watu walipojua bei ya mahindi, siku ya chanjo, na ng'ombe wa nani amepotea. Na maiti aliyelala mochari bila jina alitangazwa siku tatu mfululizo, bure, ili watu wake wasikie, wawe Butula au ng'ambo Uganda. Siku tatu. Hiyo ilikuwa ahadi ya kituo tangu mwanzo.

Wiki iliyopita Asekenye alikuwa amemtangaza mwanamume aliyeokotwa amekufa kando ya foleni ya malori. Alimsoma siku mbili. Siku ya tatu walirusha harusi ya mfadhili, ikameza saa nzima.

"Ni mtu mmoja tu," Callistus alisema. "Nani atajua?"

Asekenye akaitangaza harusi. Mtu yule akazikwa pamoja na maiti wasio na wenyewe.

Sasa, Jumatano, akiwa katikati ya bei ya mahindi, kitu kilisogea chini ya ulimi wake. Alivumilia hadi mwisho, akakimbia nje, akatema kishungi cha nywele zilizolowa, zenye utelezi, na ndani yake ukucha mweusi. Mzee Omuse, mlinzi, alimpa maji kwa kikombe chake mwenyewe, akamwachia kiti.

Roselida, jirani aliyemlelea Asekenye mwanawe, alimleta mtoto anyonye kama kila mchana. Emong, wa miezi minne, alishika titi, akaliachia, akatapika. Maziwa yalikuwa ya kijivu, yakivutika kama kamasi.

"Dada, hii si ugonjwa," Roselida alinong'ona. "Hii ni pepo. Umemkosea nani?"

Alhamisi, ndani ya vispika vya masikioni, sauti yenye maji kooni ilijibu: "Nimebakisha siku moja."

Kufikia Ijumaa Emong alikuwa anatapika hata maziwa ya ng'ombe. Kliniki haikuona kitu. Utosi wake ulikuwa umebonyea, na hakuwa tena na nguvu ya kulia.

"Saa saba imeuzwa, mama," Callistus alisema. "Kuna tangazo la godoro."

"Nitamsoma yule maiti siku yake ya tatu, boss. Mtoto wangu anakufa."

Akaketi, taa nyekundu ikawaka, akaanza kusoma urefu wa yule mtu na shati lake na kovu la shavuni, na kila neno lilipotoka lilitoka na kitu, unywele, funza, ngozi laini kama ya maziwa yaliyopoa, vikimteremka kidevuni mbele ya kaunti nzima ya Busia, naye hakufuta wala hakusimama, alimeza kilichomezeka akaendelea kusoma mpaka neno la mwisho.

Harufu ikakatika.

Simu ikalia. Mwanamke wa Funyula alikuwa analia. "Huyo ni Okwara, kaka yangu. Stima ilipotea kwetu siku mbili. Siku ya tatu nilitembea mpaka kwa jirani mwenye sola, nikakuta harusi."

Asekenye alimwomba msamaha. Kisha akampokea Emong kutoka kwa Roselida, aliyekuwa akingoja mlangoni, akampakata. Mtoto akanyonya, akavuta kwa nguvu, jasho likamtoka puani. Roselida akageuka ukutani kufuta machozi.

Mzee Omuse akachungulia mlangoni. "Mama, kuna wageni."

"Wangapi?"

"Siwaoni. Lakini benchi lote limelowa, na harufu yake..." Akaziba pua.

Asekenye alimtazama Callistus. "Boss, miaka hii yote, tumeruka maiti wangapi?"

Callistus akamsogezea daftari la matangazo ya maiti.

Asekenye alingoja Emong ashibe, akambusu, akamkabidhi Roselida. "Mpitishe mlango wa nyuma. Usimlete hapa tena."

Kisha akavuta kiti hadi kwenye kipaza sauti, akafungua mdomo, akahisi unywele wa kwanza.