Watu Waliokuwa Wakiishi Hapa

"Waliokuwa wakiishi hapa?" Tess aliuliza, ameshika mlango wa gari. "Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, Nels."

Nels Halvorsen alitamani ardhi ipasuke immeze. Muda mfupi tu nyuma alijiona shujaa. Alipewa heshima ya kufungua mkutano wa wenye nyumba za kando ya ziwa, huku kwao Minnesota, akawashukuru Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hilo na kabila la mchumba wake Tess, "waliokuwa wakiishi hapa", na ukumbi ukampigia makofi. Makofi hayajapoa, ikaja hoja ya kung'oa majani yanayozuia boti. Bwana mchumba akanyoosha mkono kuiunga pamoja na majirani zake.

"Na yale majani uliyoyapigia kura ni mpunga wetu wa asili, unaoota humo ziwani," Tess akaendelea. "Ule ule uliokula kwetu Jumapili ukaomba uongezewe."

"Sikujua ndio huo."

"Siku zote hizi unanipenda, hukuwahi kuuliza huo mpunga unatoka wapi?"

Akaondoka. Nels akamtumia ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Nilikuwa na nia njema."

Jibu likaja: "Nia yako njema imemliza mama. Harusi tuiweke pembeni kwanza."

Kesho yake alikwenda kwa mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Lorraine Beaulieu, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Alianza kulia hata kiti hajapewa. Mama akamwacha alie, akamsukumia kitambaa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi ndiye nikubembeleze? Mwanangu, ulinizika mbele za watu. Unakujaje kunifufua jikoni, tukiwa wawili?"

Aibu ikamvaa upya. Akauliza basi afanye nini. Akaambiwa arudi kule kule, mbele ya wale wale, aseme alichokosea, awaombee Waojibwe wenyewe nafasi ya kusema, kisha anyamaze. Hapo kwenye kunyamaza mama alirudia.

Mkutano uliofuata, Nels alisimama.

"Nilisema waliokuwa wakiishi hapa. Nilikosea. Wapo, ni majirani zetu, na tulitaka kung'oa chakula chao bila kuwauliza. Kura yangu naiondoa. Naomba Bi Lorraine asikilizwe kabla hatujagusa kitu."

"Mapenzi yamekulevya," akasema mwenyekiti, Gary, rafiki yake wa kuvua samaki. Watu wakacheka. Nels alikuwa na jibu kali mdomoni, akalimeza. Gary akaguna, akaiahirisha hoja ya kung'oa majani, akampisha mama azungumze.

Nels akarudi nyuma kutafuta pa kukaa, uso chini, hathubutu kumtazama Tess. Tess akaondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni.

"Kaa," akanong'ona. "Mwezi ujao tunavuna. Utakuja kusukuma mtumbwi, siyo kuhutubia."

"Kwa hiyo harusi yetu..."

"Ipo. Sasa nyamaza, mama anaongea."