Kienge Alichokitupa Bernadeta

Kila Jumamosi, huko Ipole, Bernadeta alimfuata mjomba wake Lugembe porini kurina asali. Mjomba alipanda mtini na kienge, lile tita la nyasi kavu la kuwafukizia nyuki. Akishuka humkabidhi aliyebaki chini, naye hukifukia udongoni mpaka kife kabisa. Ndivyo warinaji walivyogawana kazi.

Jumamosi hiyo, loo! Asali ilikuwa ya kwanza ya msimu, nyeupe, inachuruzika. Bernadeta alikitupa kienge, akakikanyaga mara moja, mbio akayafuata masega.

Jioni moto ukaanzia pale, ukateketeza mizinga ya jirani yao, Mzee Ngollo. Jumatatu tarishi wa baraza la kijiji akaja kumchukua mjomba, akamfungia katika chumba cha baraza.

"Kesho anapelekwa Tabora," tarishi akamwambia mama yake Bernadeta. "Ni kifungo."

Bernadeta alijua kuliandika neno hilo bila kosa.

"Mama, kifungo si kukaa ndani tu?"

Mama akaacha kutwanga. "Kukaa ndani tu! Na msimu huu nani atampandia mtini kurina? Mkewe akijifungua, nani atampokea mtoto? Hata akirudi, wataendelea kumwita mchoma pori. Hicho ndicho kifungo, mwanangu."

Bernadeta akainuka. Alitoka mbio hadi barazani, akapiga goti mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Kienge nilikuwa nacho mimi. Sikukifukia." Akaangua kilio.

"Mwacheni mtoto!" mjomba akapaza sauti kutoka ndani. "Nilijua toka mwanzo. Nifungwe mimi, yaishe!"

Watu barazani wakamgeukia Mzee Ngollo. Mzee akasonya, akajikuna kichwa.

"Ah! Gereza litanichongea mizinga? Mtoeni. Lugembe atanichongea mingine, na huyu binti atabambua magome ya magogo yake."

Mwanangwa akacheka, akaamuru mlango ufunguliwe. Mjomba akatoka akipepesa macho kwa mwanga, akamkumbatia Bernadeta kwa nguvu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," mwanangwa akasema. "Kusahau moto ni uzembe, na uzembe utaulipa kwa jasho. Lakini kukaa kimya mwenzako akibeba kifungo chako, hilo lingekuwa ubaya. Leo umekataa ubaya. Haya, nenda kalale mapema. Magome ya Ngollo si mchezo!"

Bernadeta akafuta machozi, akamshika mjomba mkono, wakaenda zao nyumbani.