Upawa Mmoja wa Supu

Saa saba mchana mabasi manne yaliingia kituoni kwa mpigo, na abiria wakavamia hoteli ya shangazi kwa kusukumana, maana kila mmoja alikuwa na dakika ishirini tu za kula, kujisaidia na kurudi kwenye kiti chake. Mpishi, binti wa kaka yake, alikuwa nyuma ya kaunta, gauni lake la maua limefichwa na aproni, akipakua bila kuinua macho. Aliyainua aliposikia mtu akibishana na mhudumu kwa sauti ya upole.

"Dada, sikusema uniondolee nyama. Nimesema sili nyama."

"Si nimekuondolea?"

"Umeondoa nyama. Mchuzi wake umebaki."

Alikuwa dereva wa basi la masafa marefu. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na macho yalikuwa mekundu kwa barabara. Mpishi akamwonea huruma, na tuseme ukweli, haikuwa huruma peke yake.

"Mwache, nitampa maharage mimi," akasema.

Dereva akala, akaongeza sahani ya pili. Akaondoka anacheka. Basi lilikuwa linageuka kuingia barabarani mpishi alipokumbuka supu.

Pale jikoni kulikuwa na desturi ya shangazi, ya miaka na miaka: asubuhi mifupa ya ng'ombe inachemshwa kwenye sufuria kubwa, na kila chungu, kiwe cha mboga au cha maharage, kinapata upawa mmoja wa ile supu. Mpishi aliutia kama anavyotia chumvi, bila kuwaza. Akajiambia, akirudi nitamwambia.

Akarudi Ijumaa, moja kwa moja kaunta.

"Mpishi, nimeendesha kilomita mia sita nawaza maharage yako. Unatia nini humo?"

Mdomo ulifunguka kusema, ukatoa kicheko. "Mkono wangu tu."

"Basi huo mkono nitauoa."

Mara ya kwanza alisahau. Siku hiyo hakusahau. Alimpakulia kwa mkono huohuo, akamtazama akila.

Wakabadilishana namba. Jikoni wakampachika dereva jina la Majani, naye hakuchukia. Kila alipoegesha basi alipiga simu.

"Umekula?" mpishi angeuliza.

"Ndizi mbili na karanga, mama. Na shibe ya sauti yako."

"Sauti haishibishi. Jana je?"

"Jana nilipewa wali mweupe na pole."

Hapo mpishi akaanza kumfungia chakula cha safari. Alijifunza kwamba wali huchacha joto likizidi, ila viazi vitamu vya kuchemsha hufika siku ya pili vizuri. Dengu zilizokaangwa kavu haziharibiki. Parachichi likatwe palepale, na ndimu iwe karibu. Dereva alinenepa kidogo, uso ukang'aa. Na ndani ya kila mkebe aliofungiwa, pembeni, palikuwa na maharage yale, na kila alipoyasifu mpishi alijisikia mwizi.

Siku moja mchana dereva alipiga simu akiwa ng'ambo ya mto, akisubiri daraja litengenezwe.

"Hujawahi kuniuliza kwa nini sili nyama."

"Niliogopa kuuliza."

"Nilikuwa dereva wa lori la ng'ombe. Tulikwama mahali kama hapa siku tatu, jua kali. Walikuwa ishirini na wawili. Nilikuwa na dumu moja la maji, nikanywa peke yangu. Walikuwa wananitazama, mpenzi. Wakaanguka mmoja mmoja. Nikaapa, kitu chao hakitapita tena mdomoni mwangu."

Mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia la vitunguu, simu sikioni, machozi yanamdondoka kwenye aproni. Ule ulikuwa wakati wa kusema, akashindwa.

Kesho yake alinunua chungu kipya akakitenga. Maharage, maji, kitunguu, chumvi. Dereva alipoonja, akaweka kijiko chini.

"Leo ulikuwa na haraka?"

"Hapana."

Safari iliyofuata akaacha nusu sahani. Ya tatu hakugusa mkebe wake.

"Kama umenichoka niambie. Zamani ulikuwa unanipikia kwa moyo. Sasa unanipikia kama abiria."

"Sijakuchoka."

"Basi yuko mwingine."

Ijumaa basi lake likapita bila kusimama. Mpishi akalitazama kupitia dirishani mpaka vumbi likatulia. Shangazi, ambaye hakuna jambo linalompita jikoni mwake, akasogea.

"Mwanangu, dawa unayo mkononi. Upawa mmoja tu, na wiki ijayo atakuwa hapo amekaa. Atakufa kwani?"

"Hatakufa, shangazi."

"Basi unalia nini?"

Mpishi aliuchota. Aliushika juu ya chungu kipya, supu inafuka mvuke. Alimtaka yule mwanamume vibaya sana. Akaumwaga ulikotoka, akajifuta mikono, akapiga simu. Ilipokelewa mara ya nne.

"Ladha unayoitafuta ni supu ya mifupa," akasema haraka, kabla woga haujamshika ulimi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilisahau. Zilizofuata, nilijua."

"Na nilipokusimulia?"

"Hapo ndipo nilipoacha."

Simu ikakatika.

Zikapita wiki tatu. Mpishi alipika, akapakua, akatabasamu na abiria, na kila shati la samawati lilimshtua. Hakumlaumu. Angekuwa yeye, asingerudi.

Jumatano moja mlango wa nyuma wa jikoni ukasukumwa. Dereva aliingia na shati jeupe la nyumbani, amekonda, mkononi ana kifuko cha maharage mabichi. Akavuta kigoda akakaa.

"Supu si kitu," akasema. "Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nasifu na wewe unanitazama."

"Niliogopa utaondoka."

"Nimeondoka. Wiki tatu za ndizi, na bado ninayemkosa ni wewe." Akainama akaokota ganda la kitunguu sakafuni, akalichezea. "Nataka kukuoa. Sikuja kukutania. Lakini usidhani nimepona."

"Sidhani."

"Utapika, mimi nitakaa hapa nikitazama. Kila siku nitakapokuwa nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijikute nimesahau kutazama."

Mpishi akaitika kwa kichwa. Akatwaa chungu kipya, akakisugua tena ingawa kilikuwa safi, akakisuuza mara mbili, kisha akamwelekezea dereva aone ndani. Moyoni aliomba aambiwe haina haja.

Dereva akasogea, akainama, akatazama chungu mpaka chini.

"Haya," akasema. "Tia maji."