Mshale Usiopanda

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa. Masniah na mumewe Syahrani walikuwa wametoka kwao Alabio alfajiri, pikapu imejaa vifaranga vya bata, na walipokaribia mji wa Kandangan, jua limeshawaka, mshale wa joto la injini ulikuwa bado umelala chini kabisa upande wa baridi, kana kwamba gari halijawashwa tangu jana.

"Geji imekufa," Syahrani alisema, akaigonga kwa kidole. "Bora ife geji kuliko injini."

Masniah alikunja pua. Alikuwa ananusa. Uvundo wa bata alizaliwa nao, haukumsumbua. Lakini hii iliyotoka kwenye matundu ya hewa ilikuwa harufu nyingine, ya tope la kinamasi lililolala miaka, na katikati yake utamu fulani, kama yai viza lililotiwa sukari. Alishusha kioo, akatema nje. Mate yake yenyewe yalikuwa na ladha ile.

Alijua ilikotoka, ila hakutaka kujua. Siku mbili nyuma gari lilichemsha kwenye barabara inayokata kinamasi, mchana wa kiangazi, na vifaranga vikaanza kulala midomo wazi. Kando ya barabara palikuwa na kaburi la kale lililofungwa vitambaa vya njano, na mtungi wa maji ambamo watu huweka nadhiri zao.

"Usiyaguse hayo, Baba Latifah," Masniah alimwambia mumewe, alipomwona anauendea mtungi. "Yana wenyewe."

"Wenyewe watanisamehe. Wao hawana vifaranga."

Hakutoa salamu, hakuomba. Na Masniah, alipoona vifaranga vingine vimekwisha kukauka, ndiye aliyemkabidhi kopo. Maji yalikuwa na utando wa kijani. Yaliingia kwenye rejeta polepole, mazito kama uji. Gari likawaka mara moja, na tangu hapo halikuchemsha tena.

Waliporudi Alabio walilipeleka kwa Arbain, binamu yake Syahrani, fundi mwenye gereji nyuma ya soko la bata.

"Geji ni kama mama mkwe," Arbain alisema akifungua boneti. "Ikipiga kelele, vumilia. Ikinyamaza, hapo ndipo uogope."

Akachomoa waya kwenye sensa, kihisi cha joto, akaugusisha na chuma cha injini. "Mama Latifah, tazama huko ndani. Mshale vipi?"

"Umepanda! Umefika juu kabisa."

"Basi geji nzima, waya mzima. Sensa ndiyo mbovu. Kazi ya kikombe kimoja cha kahawa."

Akafunga sensa mpya. Injini ikanguruma mpaka kahawa ikaisha, mshale umelala. Akaifungua sensa, akaichovya kwenye sufuria ya maji ya moto huku waya umeunganishwa: mshale ukapanda. Akairudisha kwenye injini: ukalala. Akatoa themostati, akidhani imekwama wazi. Nayo ilikuwa haina kasoro. Utani ukamwisha. Akairudisha, gari likawashwa tena, akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya injini iliyounguruma karibu asubuhi nzima, mahali ambapo ngozi ingebanduka, akakiacha pale pale.

"Binamu," alinong'ona, "hebu zima gari."

"Kwani kuna nini?"

"Zima kwanza."

Alipouondoa mkono, kiganja kilivuta nyuzi za ute mweupe kama wa konokono, zikachelewa kukatika. Arbain akajifuta kwenye suruali, akajifuta tena, kisha akachota mchanga akasugua.

"Geji haina ugonjwa," alisema. "Inasema kweli. Injini yenu ina baridi. Baridi ya maiti."

Syahrani alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na majimaji ndani yake.

Siku zilizofuata aliacha kutoka jasho. Alivaa koti juani. Masniah akimtengea wali na samaki wa kuchoma, alisukuma sahani akisema chakula kimepoa, na huku mvuke bado unafuka. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, na kila alipoinuka mkekani aliacha umbo lake limelowa, linanuka tope na sukari. Jirani yao muuguzi alimtia kipimajoto kwapani, akakitikisa, akamtia tena. Akakimbia nyumbani kuleta kingine. Zebaki ya vyote viwili haikupanda. Muuguzi aliondoka bila kuaga, akijifuta mikono kwenye sketi.

Adhuhuri moja Masniah alimtafuta mumewe nyumba nzima asimwone. Akaenda kwenye banda la kuangulia mayai, ambako mayai hufukiwa ndani ya mpunga uliopashwa moto, na hata kabla hajasukuma mlango alisikia sauti, sauti ndogo ya kitu kinachopasuka taratibu, halafu kufyonza, halafu kupasuka tena, na alipochungulia alimwona Syahrani amechuchumaa katikati ya mpunga wa moto, shati wazi, mayai ameyapanga kifuani na kwapani kama mama anayekumbatia mapacha, na moja liko mdomoni, si yai la kula bali la siku zake za mwisho, ambalo ndani yake kifaranga kimeshaota manyoya na kilikuwa kikigonga ganda kitoke, na yeye alikifyonza kikiwa kinagonga, miguu midogo ya njano ikimtoka pembeni ya mdomo na bado inapiga mateke, na ute ule mweupe ukimtiririka kidevuni hadi tumboni, na machoni mwake, Masniah aliapa baadaye, hakukuwa na njaa wala wazimu, kulikuwa na aibu tu.

"Nasikia baridi, Mama Latifah," alisema, mdomo umejaa. "Humu mna joto. Usinitazame."

Masniah alitapika pale pale kizingitini.

Arbain ndiye aliyemleta mganga, Julak Hamsiah, kwa pikipiki. Julak ni jina la heshima, la ndugu mkubwa wa wazazi wako; lakini Julak huyu alikuwa mama mnene asiye na subira, mdomo mwekundu kwa tambuu. Aliinama akanusa kinywa cha Syahrani kama mtu anayenusa samaki sokoni, akatema.

"Dude la maji yale lilianza kunywa moto wa injini," alisema kwa sauti ya chini. "Moto wa chuma hauna utamu. Sasa linanywa wa mtu. Nani alichota maji?"

"Yeye," alijibu Masniah.

"Kwa chombo gani?"

"Kopo."

"Kopo alipewa na nani?"

Masniah alimtazama Arbain, Arbain akatazama ukuta.

"Mimi, Julak. Mimi nilimpa."

"Basi dude utalirudisha wewe. Kwa mkono wako, mwanangu. Huyu hana nguvu tena za kulishika."

Wakaenda hadi kaburini jua likiwa utosini, na wali wa njano wa kunata na mayai mazima kwenye sinia, sadaka ya wenye kaburi. Syahrani walimlaza ndani ya pikapu, amefunikwa blanketi. Arbain alifungua mpira wa chini wa rejeta, akaruka nyuma. Hayakutoka maji. Kwenye mdomo wa bomba palichungulia kitu cha kijivu, kinachojaa na kunywea, kinajaa na kunywea, kama koo la chura.

"Livute," Julak alinong'ona. "Taratibu. Ukilikata, mumeo naye atakatika."

Masniah alisoma Bismillahi, akakishika. Alitegemea baridi, lakini kilikuwa na joto, joto la mwili, joto la mumewe alilolijua kwa miaka yote ya ndoa yao, limefungwa ndani ya ngozi laini yenye utelezi, na kadiri alivyovuta ndivyo kilivyotoka, dhiraa baada ya dhiraa, kimesukwa nywele za watu, magamba ya samaki, kucha, vidomo vya vifaranga, na kila sehemu iliyotoka ilimzunguka vidole na kumfyonza kwa midomo midogo isiyo na meno, kama mtoto mchanga anayetafuta titi, huku ndani ya gari Syahrani akikoroma na kukakamaa na kutapika maji ya kijani yasiyokwisha, na Arbain akilia kwa sauti, "Vuta, dada, vuta, usiache," mpaka mkia ukachomoka na kumpiga shavuni.

Alikibeba hadi mtungini kwa mikono miwili.

"Asalamu alaikum," alisema. "Tulichukua bila kuomba. Tunarudisha. Tuwie radhi."

Kikateleza ndani. Maji ya mtungi yakachemka kidogo, kisha yakatulia.

Arbain akafunga mpira, akajaza rejeta maji waliyokuja nayo toka kisimani, akawasha. Mshale ukatikisika, ukanyanyuka, ukapanda hadi katikati, ukasimama. Ndani ya blanketi Syahrani alikuwa ameloa jasho, jasho la kawaida la chumvi, analia akiomba maji ya kunywa.

Alipona. Alirudia kazi yake, akanenepa, akaanza tena kutaniana na wauza bata. Watu wa Alabio walisema Masniah ni mke, si mchezo. Wangapi wangeshika kile alichoshika?

Lakini Masniah alianza kula kabla ya mumewe, jikoni, amesimama. Akisema mgongo unamuuma, alihamia chumba cha binti yao Latifah, aliyekuwa shule ya bweni. Mumewe alipotafuna, yeye alipata kazi uani.

Jioni moja Syahrani alimfuata huko uani, amebeba sahani yake mwenyewe.

"Lilitoka, Mama Latifah. Wewe ndiye uliyelitoa."

"Najua."

"Julak amesema mimi ni mzima."

"Najua, Baba Latifah. Najua."

"Basi nitazame nikila. Tonge moja tu."

Aliketi mbele yake, akamega wali, akautia mdomoni, akaanza kutafuna polepole, kwa adabu, macho yakimsihi. Masniah alijilazimisha. Alimtazama mpaka alipomeza. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya banda, na Syahrani, aliyekuwa bado ameshika sahani, akamsikia akitapika.