Chiriku wa Adelaïde na Mtoto wa Gorila

Kila asubuhi kabla ya shule, Adelaïde alikagua mitego minne ya waya. Baba yake, Papa Polycarpe, aliitega pembezoni mwa shamba lao la maharage pale Kashebere, kijiji kilicho chini ya mlima wenye msitu, kwa sababu paa walikuwa wakilimaliza. Huo ulikuwa mwaka wa 1966, na Adelaïde alikuwa na miaka kumi na miwili.

Juma moja msichana alikuwa na shughuli nyingine. Alipaka ulimbo kwenye vijiti, akajificha kunasa chiriku, yule ndege mdogo mwenye sauti tamu. Siku tatu mfululizo hakufika mitegoni.

“Uliangalia?” baba aliuliza kila jioni.

“Niliangalia, Papa. Hakuna kitu.”

Uongo mtupu!

Siku ya nne baba alienda mwenyewe. Alirudi mbio akiita wanaume waje na ngoma. Adelaïde aliwafuata. Katika mtego wa tatu alikuwa amenaswa mtoto wa gorila. Waya ulikuwa umezama mpaka mfupa, mkono umevimba na kunuka. Mama gorila alikuwa kando yake, akimrukia kila aliyesogea.

Kelele za ngoma zilimrudisha mama huyo nyuma kidogo. Papa Polycarpe akakata waya, lakini wapi! Mtoto alivuta pumzi mara chache, akafa.

“Papa, mama yake atazaa mwingine,” Adelaïde alisema. “Chiriku akipoteza mayai, anataga tena.”

“Huyu hapana chiriku!” baba alifoka. “Chiriku anaangua watoto wengi, mwaka kwa mwaka. Huyu anazaa mumoja, anamubeba miaka mitatu, mine. Na mulimani wamebaki wachache sana. Siku ya kwanza tungemuokoa.”

“Sikuangalia, Papa. Nilikudanganya.”

Baba aliuweka chini waya aliokuwa amekata. Kisha aliing’oa mitego yote, akaapa kwamba tangu siku hiyo shamba litalindwa kwa ua wa miti.

“Ukisema umefanya kazi ambayo haukufanya,” alimwambia bintiye kwa sauti ya chini, “kuna mwenye kuteseka huko, na hakuna mutu anaenda kumusaidia. Mimi vilevile nilikosa. Nilitega, halafu nikamutuma mutoto.”

Adelaïde alilia mpaka sauti ikakauka. Mbele yao mama gorila alirudi, akamwokota mwanawe, akamweka kifuani na kuanza kumchambua manyoya, kana kwamba amelala tu.

“Hajajua bado,” Adelaïde alisema.

“Anajua,” baba akajibu. “Twende nyumbani.”